Harold Griffith

Harold Randall Griffith (25 Julai 1894 – 7 Mei 1985) alikuwa daktari wa usingizi kutoka Montreal, Kanada. Anajulikana hasa kwa jambo alilolifanya tarehe 23 Januari 1942: alimchoma mgonjwa aliyekuwa chini ya nusukaputi dawa iliyotengenezwa kutokana na kurare, sumu ya mishale ya wawindaji wa Amerika ya Kusini, ili misuli ya tumbo lake ilegee na daktari mpasuaji aweze kufanya kazi yake.

Baada ya hapo dawa za kulegeza misuli zilienea duniani kote. Leo upasuaji mwingi mkubwa wa tumbo na kifua hufanyika kwa msaada wake. Lakini zina hatari moja isiyokwepeka: dawa inayolegeza misuli ya tumbo hulegeza pia misuli ya kupumua. Kwa hiyo maisha ya Griffith hayawezi kuelezwa bila kueleza jinsi hatari hiyo ilivyokabiliwa, naye akiwa hai na hata baada ya kifo chake.

Familia, masomo na vita

Griffith alizaliwa mjini Montreal. Baba yake, Alexander Griffith, alikuwa tabibu wa homeopathia, yaani mtindo wa tiba ulioanzishwa na Mjerumani Samuel Hahnemann, ambao hutumia dawa zilizozimuliwa mno. Alexander alikuwa mmoja wa viongozi wa Hospitali ya Homeopathia ya Montreal. Mtindo huo wa tiba haukubaliki katika sayansi ya leo, lakini hospitali yenyewe ilikuwa na chumba cha upasuaji kama hospitali nyingine za mji, na wagonjwa wake walihitaji kulazwa usingizi kama wagonjwa wengine wote.

Harold alisoma katika Chuo Kikuu cha McGill. Masomo yake ya udaktari yalikatizwa na Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Alijiunga na jeshi la Kanada akiwa mbeba machela katika kikosi cha huduma ya kwanza, akatunukiwa Nishani ya Kijeshi kwa ushujaa wake katika mapigano ya Vimy, kaskazini mwa Ufaransa, mwaka 1917. Baadaye alihamia jeshi la majini la Uingereza akiwa msaidizi wa tabibu. Vita vilipokwisha alirudi McGill, akapata shahada ya udaktari mwaka 1922. Kisha alikwenda Philadelphia, Marekani, kusoma homeopathia kwa mwaka mmoja, kama ilivyotarajiwa kwa kijana ambaye angefanya kazi katika hospitali ya baba yake. Mdogo wake James naye alikuja kuwa daktari mpasuaji katika hospitali hiyohiyo.

Kazi ya usingizi

Tangu akiwa mwanafunzi Griffith alikuwa akiwalaza wagonjwa usingizi katika hospitali ya Montreal, kwa sababu tu palihitajika mtu wa kuifanya kazi hiyo. Wakati ule haikuhesabiwa kuwa taaluma ya heshima. Mara nyingi kazi ya kudondosha etha kwenye kitambaa kilichowekwa usoni mwa mgonjwa aliachiwa daktari mgeni zaidi au muuguzi, na sifa zote za upasuaji zilikwenda kwa mwenye kisu. Griffith aliipenda. Kuanzia mwaka 1923 alikuwa mkuu wa huduma ya usingizi katika hospitali hiyo, na aliishika kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 30. Baada ya kifo cha baba yake alibeba pia mzigo wa kuisimamia hospitali nzima.

Hospitali ndogo ilimpa uhuru. Alijaribu njia mpya mapema kuliko wenzake katika hospitali kubwa za mji, akaweka kumbukumbu za kila mgonjwa na kuzichapisha. Mwaka 1933, baada ya kupata habari kutoka kwa rafiki yake Ralph Waters wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, alikuwa wa kwanza kutumia gesi ya siklopropani nchini Kanada. Gesi hiyo ilimlaza mgonjwa haraka na kwa utulivu, ingawa ilikuwa na kasoro ya kulipuka ikikutana na cheche.

Siklopropani ilimfundisha jambo lililokuja kuwa na uzito mkubwa baadaye. Gesi hiyo hupunguza nguvu ya kupumua, na ikizidi mgonjwa huacha kupumua kabisa. Anayeitumia lazima awe na mkono juu ya mfuko wa hewa wakati wote, aubonyeze na kuuachia ili kumpulizia mgonjwa oksijeni mpaka pumzi yake irudi. Griffith alikuwa pia miongoni mwa wachache wa wakati wake waliozoea kupitisha mpira kinywani mwa mgonjwa hadi ndani ya koo la hewa. Kwa njia hiyo hewa hufika mapafuni hata kama ulimi na koo vimelegea, na matapishi hayapati njia ya kuingia humo. Kwa madaktari wengi wa miaka ya 1930 mgonjwa aliyeacha kupumua alikuwa mgonjwa anayekufa. Kwa Griffith alikuwa mgonjwa wa kupumuliwa.

Tumbo lililokaza

Mtu aliyelala usingizi mwepesi wa dawa hasikii maumivu makali, lakini misuli ya tumbo lake hukaza kama ubao mara kisu kinapogusa. Matumbo husukumwa nje, na daktari mpasuaji haoni anachokitafuta. Kabla ya mwaka 1942 dawa ya kawaida ilikuwa kuzidisha etha au kloroformu mpaka usingizi uwe mzito kiasi cha misuli kulegea yenyewe. Usingizi wa namna hiyo hauko mbali na kifo. Moyo ulidhoofika, shinikizo la damu lilishuka, na waliopona waliamka baada ya saa nyingi wakitapika. Wazee na wagonjwa waliokuwa dhaifu tangu mwanzo mara nyingi hawakuuvumilia kabisa.

Kilichohitajika ni kutenganisha mambo mawili: usingizi uwe na dawa yake, na kulegea kwa misuli kuwe na dawa yake.

Sumu ya mishale

Dawa ya kulegeza misuli ilikuwa imejulikana siku nyingi, ila ilijulikana kama sumu. Watu wa misitu ya Amazon na Orinoko walichemsha magome ya mitambaazi fulani, hasa ya jamii ya Chondrodendron na Strychnos, wakapata utomvu mweusi wa kupaka kwenye mishale. Mnyama aliyechomwa alilegea, akaanguka, akafa kwa kukosa pumzi huku moyo wake ukiendelea kupiga kwa muda. Nyama yake ililiwa bila madhara, kwa kuwa kurare haipenyi kwa urahisi kutoka tumboni kuingia katika damu. Msomaji wa Afrika Mashariki asiichanganye na sumu ya mishale iliyotumiwa na wawindaji wa huku, ambayo hutokana na miti ya jamii ya Acokanthera. Sumu hiyo huua kwa kuusimamisha moyo, na kumpulizia mtu hewa hakuwezi kumwokoa.

Kurare ni tofauti, na tofauti hiyo ilionyeshwa mapema. Mwaka 1814, mjini London, msafiri Mwingereza Charles Waterton na wenzake walimchoma punda jike sumu hiyo. Punda alipoanguka walimtoboa koo la hewa na kumpulizia kwa mvukuto kwa muda wa saa kadhaa, hadi sumu ilipoisha nguvu. Punda aliinuka, akaishi miaka mingi. Katika miaka ya katikati ya karne ya 19 Mfaransa Claude Bernard alionyesha kwa vyura kwamba kurare haiui neva wala haiui msuli. Inakata mawasiliano kati ya hivyo viwili.

Sasa inajulikana jinsi inavyofanya. Neva inapotaka msuli ujikaze hutoa kemikali iitwayo asetilikolini, ambayo huvuka mwanya mdogo sana na kushika sehemu maalumu za kuipokea kwenye msuli. Kurare hukaa katika sehemu hizo bila kuuamsha msuli, kama ufunguo usio wake ulioachwa ndani ya tundu la kufuli. Misuli haishikwi yote kwa pamoja. Ile midogo ya macho, uso na koo hulegea mapema, kisha mikono na miguu, kisha tumbo. Kiwambo, yaani msuli mkubwa wa kupumua ulio kati ya kifua na tumbo, ndicho kinachovumilia zaidi. Mwanya huo kati ya tumbo na kiwambo ndio ulioyafanya majaribio ya kwanza yawezekane.

Mwaka 1912 daktari Arthur Läwen wa Leipzig, Ujerumani, aliwahi kutumia kiasi kidogo cha dawa ya kurare katika upasuaji, lakini dawa safi haikupatikana kwa urahisi na kazi yake ikasahaulika. Mwaka 1935 Harold King alipata kemikali safi ya tubokurarini mjini London. Mwaka 1938 Mmarekani Richard Gill, aliyekuwa ameishi Ekuador na aliyekuwa akisumbuliwa na ugonjwa wa neva, alirudi kutoka misitu ya nchi hiyo na shehena ya kurare akitumaini ingekuwa tiba. Kampuni ya E. R. Squibb & Sons ilitengeneza kutokana na shehena hiyo dawa ya sindano yenye nguvu inayopimika, ikaiita Intocostrin. Miongoni mwa waliopewa kwanza walikuwa wagonjwa wa akili. Wakati ule walitibiwa kwa kusababishiwa degedege, na baadhi yao walivunjika mifupa ya mgongo kwa nguvu ya mitukutiko. Daktari A. E. Bennett wa Nebraska aliwachoma kurare kwanza, na mifupa ikasalimika.

Tarehe 23 Januari 1942

Lewis Wright, daktari aliyefanya kazi na kampuni ya Squibb, aliamini dawa hiyo ingefaa katika chumba cha upasuaji. Aliwagawia madaktari kadhaa wa usingizi nchini Marekani. Matokeo yalikuwa mabaya. Mjini New York wagonjwa waliopewa kurare pamoja na etha waliacha kupumua na ikabidi wapuliziwe hewa kwa saa nyingi. Sababu inaeleweka sasa: etha nayo hulegeza misuli, na ikiungana na kurare nguvu yake huzidi kipimo. Waliojaribu waliiweka dawa kando.

Wright alizungumza na Griffith kuhusu dawa hiyo katika mkutano wa madaktari mwaka 1940, na walipokutana tena mwaka uliofuata alishangaa kuona hajaijaribu. Griffith alikuwa na wasiwasi kama yeyote aliyejifunza chuoni kwamba kurare ni sumu. Kilichomwondolea wasiwasi ni hesabu rahisi. Ikiwa madaktari wa magonjwa ya akili, ambao hawakuwa na ujuzi maalumu wa kuendesha pumzi ya mtu, waliweza kuwachoma wagonjwa wao bila kuwapoteza, basi mtu mwenye oksijeni, mfuko wa hewa na mpira wa koo mkononi alikuwa na sababu ndogo zaidi ya kuogopa. Ni hoja ya mtu anayeijua kazi yake, na pengine ndiyo inayomtofautisha na wengine waliopewa chupa zilezile.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa kijana, fundi bomba, aliyekuwa akitolewa kidole tumbo. Griffith, akisaidiwa na daktari Enid Johnson aliyekuwa mafunzoni chini yake, alimlaza kwa siklopropani, kisha akamchoma katika mshipa mililita 3.5 za Intocostrin, na baadaye kidogo mililita 1.5 zaidi. Misuli ya tumbo ililegea. Upasuaji ulikwenda vizuri na mgonjwa aliamka bila tatizo.

Griffith hakukimbilia kutangaza. Alisubiri hadi wagonjwa walipofika 25, ndipo yeye na Johnson wakachapisha taarifa fupi katika jarida la Anesthesiology mwezi Julai 1942. Hakuna hata mmoja wa wagonjwa hao aliyepatwa na madhara makubwa. Vipimo vilikuwa vidogo, vilivyokusudiwa kulegeza tumbo huku kiwambo kikiendelea na kazi, na taarifa ilikazia kwamba dawa hiyo ni ya watu wenye uzoefu walio tayari kumpumulia mgonjwa. Enid Johnson, ambaye baada ya ndoa aliitwa Enid MacLeod, alikuja kufundisha fiziolojia katika Chuo Kikuu cha Dalhousie. Jina lake husahaulika mara nyingi katika masimulizi ya siku ile, ingawa limo katika taarifa yenyewe.

Dawa isiyoleta usingizi

Habari zilisambaa haraka. Mjini Liverpool, Uingereza, Cecil Gray na John Halton walikwenda mbali kuliko Griffith. Mwaka 1946 walieleza uzoefu wao kwa wagonjwa zaidi ya 1,000. Badala ya kuogopa mgonjwa asije akaacha kupumua, walimpa dawa ya kutosha kulegeza misuli yote, wakampumulia tangu mwanzo hadi mwisho, na kumwacha katika usingizi mwepesi. Huo ndio mtindo unaofuatwa hadi leo katika upasuaji mkubwa.

Mtindo huo ulizaa hatari mpya. Katika miaka ya mwanzo baadhi ya madaktari walidhani kurare yenyewe huleta usingizi au huondoa maumivu. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1947 daktari Scott Smith wa Utah, Marekani, alijitolea kuchomwa kipimo kikubwa bila dawa yoyote ya usingizi. Alilegea kabisa, akapumuliwa na wenzake, na baadaye akaeleza kwamba muda wote alikuwa macho, akisikia na kuhisi kila kitu. Jaribio hilo lilimaliza ubishi. Mtu aliyelegezwa misuli hawezi kulia wala kusogeza kidole, hivyo dawa ya usingizi ikipungua hana njia ya kumwarifu yeyote. Tangu hapo ni wajibu wa daktari wa usingizi kuhakikisha kwamba aliyelegezwa amelala kwanza, na kwamba anabaki amelala mpaka misuli irudi.

Pigo zito zaidi lilitoka Boston mwaka 1954. Henry Beecher na Donald Todd walichunguza vifo katika upasuaji wa karibu watu 600,000 kwenye hospitali kumi za vyuo vikuu vya Marekani, kati ya mwaka 1948 na 1952. Waliona kwamba kati ya wagonjwa waliopewa dawa za kulegeza misuli alikufa mmoja katika kila 370, na kati ya wasiopewa mmoja katika kila 2,100. Wao walishuku kwamba dawa hizo zina sumu ya asili. Wengine wengi walijibu kwamba wagonjwa hawakuuawa na dawa, bali na pumzi haba: walikuwa wamelegezwa kidogo, wakaachwa wapumue wenyewe kwa shida, kisha wakapelekwa wodini misuli yao ikiwa bado haijarudi. Maelezo haya ya pili ndiyo yaliyoonekana kuwa na nguvu zaidi kadiri miaka ilivyopita.

Kurudisha nguvu za misuli

Njia ya kuiondoa nguvu ya kurare ilijulikana kabla hata Griffith hajaanza kazi. Mwaka 1900 Jakob Pal wa Vienna aligundua kwamba fisostigmini huwarudishia pumzi wanyama waliolegezwa kwa kurare. Dawa ya jamii hiyo iliyokuja kutumika zaidi hospitalini ni neostigmini. Haigusi kurare yenyewe. Inazuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, na hiyo ikirundikana huweza kushindana na dawa na kurudi mahali pake kwenye msuli. Kwa kuwa asetilikolini hupunguza pia mapigo ya moyo, neostigmini hupewa pamoja na atropini au dawa inayofanana nayo. Gray na wenzake wa Liverpool walishikilia kwamba kila mgonjwa apewe neostigmini mwishoni mwa upasuaji, hata anayeonekana mzima.

Neostigmini ina mipaka. Ikitolewa mapema mno, misuli ikiwa bado imelala kabisa, haiwezi kushinda. Na haifai kwa suksamethonio, dawa ya muda mfupi iliyoanza kutumika mwaka 1951, ambayo hufanya kazi kwa njia nyingine na huisha yenyewe baada ya dakika chache. Kwa watu wachache waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha kuivunja, hata suksamethonio huweza kudumu kwa saa kadhaa, na mgonjwa wa namna hiyo hana tiba nyingine ila kulazwa na kupumuliwa mpaka iishe.

Ugumu mkubwa ulikuwa kujua kama misuli imerudi kweli. Kwa kuwa kiwambo hupata nguvu mapema na misuli ya koo huchelewa, mgonjwa anaweza kuonekana anapumua vizuri ilhali hawezi kumeza mate wala kuzuia ulimi usizibe njia ya hewa. Kumwambia ainue kichwa au abane mkono wa daktari ni kipimo kilichotumika miaka mingi, nacho hakitoshi. Mwaka 1970 Hassan Ali, John Utting na Cecil Gray walieleza kipimo cha mishtuko minne: neva ya mkono hushtuliwa kwa umeme mdogo mara nne ndani ya sekunde mbili, na nguvu ya mtukutiko wa nne hulinganishwa na ule wa kwanza. Ukiwa dhaifu kuliko wa kwanza, dawa bado ipo. Mwaka 1979 watafiti wa Copenhagen walipima wagonjwa 72 waliokwisha kupelekwa chumba cha uangalizi, na kwa 42 katika kila 100 mtukutiko wa nne haukufikia sehemu 7 kati ya 10 za ule wa kwanza. Siku hizi hata kiwango hicho cha 7 kimeonekana kidogo, na mpira hautolewi kooni mpaka kufikia 9 kati ya 10. Jicho na mkono wa daktari haviwezi kuona tofauti ndogo kiasi hicho, ndiyo maana panahitajika mashine inayopima.

Griffith alifariki kabla ya kuona sugamadeksi, dawa iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2008. Molekuli yake ina umbo la pete lenye uwazi katikati, nayo huimeza molekuli ya rokuronio au vekuronio na kuitoa kwenye msuli hata ikiwa mgonjwa amelegea kabisa. Hata hivyo haifanyi kazi dhidi ya kurare ya Griffith wala dhidi ya dawa nyingine nyingi za kulegeza misuli, na bei yake ni kubwa. Katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ambayo nchi nyingi za Afrika huifuata, neostigmini ya zamani bado ina nafasi yake.

Kazi nyingine na miaka ya mwisho

Mwaka 1943 Griffith alianzisha katika hospitali yake chumba cha uangalizi, ambamo wagonjwa waliotoka kupasuliwa walilazwa pamoja chini ya macho ya wauguzi mpaka waamke vizuri. Kilikuwa kati ya vyumba vya kwanza vya aina hiyo nchini Kanada. Kwa mtu aliyeanza kutumia kurare mwaka mmoja kabla, hatua hiyo haikuwa ya bahati tu.

Mwaka huohuo alikuwa rais wa kwanza wa Chama cha Madaktari wa Usingizi cha Kanada. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliongoza idara ya usingizi katika Chuo Kikuu cha McGill, huku akiendelea na kazi yake hospitalini. Hospitali ya Homeopathia ilikuwa imeacha taratibu mtindo ulioipa jina, na mwaka 1951 iliitwa upya Hospitali ya Queen Elizabeth. Mwaka 1955, madaktari kutoka nchi mbalimbali walipokutana Scheveningen, Uholanzi, na kuunda shirikisho la dunia la vyama vya madaktari wa usingizi, walimchagua Griffith awe rais wa kwanza. Shirikisho hilo lipo hadi leo na lina vyama wanachama katika Afrika pia.

Waliomfahamu walimweleza kuwa mtu mpole, asiyependa kujikweza. Mwenyewe alizoea kusema kwamba wengine walikuwa wameiandaa njia kabla yake, na aliwataja Gill, Wright na Bennett katika maandishi yake kuhusu kurare.

Alipewa nishani ya Hickman ya madaktari wa Uingereza, na mwaka 1974 aliingizwa katika Nishani ya Kanada. Alifariki tarehe 7 Mei 1985 akiwa na umri wa miaka 90. Mwaka 1991 posta ya Kanada ilitoa stempu yenye picha yake, katika mfululizo uliowakumbuka pia madaktari Jennie Trout, Wilder Penfield na Frederick Banting. Hospitali ya Queen Elizabeth ya Montreal ilifungwa katikati ya miaka ya 1990.